Moto wa Malta na Mvua ya Mpanda



Wapendwa, masika yametukolea. Mnazijua jioni zenyewe. Mawingu yanajikusanya tangu alasiri, upepo unatangulia na vumbi lake, mabati yanaanza kulia, radi moja inapasuka upande wa Katumba, na kabla mvua haijashuka sawasawa taa zimekwisha kuzimika kuanzia Makanyagio hadi Nsemulwa. Ndani ya kila nyumba yanaanza maneno yaleyale. Tochi iko wapi? Nani kaimaliza chaji ya simu? Chomoa hiyo televisheni upesi! Usiku mwingine umeme hurudi kabla ugali haujapoa. Usiku mwingine nguzo imelala, njia ya mafundi imejaa maji, na giza linakaa mpaka kesho yake au keshokutwa, mvua ikiendelea kunyesha.

Tafakari ya wiki hii ni kwa ajili ya usiku huo wa pili. Nimekaa na sura mbili za mwisho za Matendo ya Mitume, ya 27 na ya 28, na nimeona zinatuhusu sisi wa Mpanda kuliko tunavyodhani.

Habari yenyewe ni ya dhoruba ya majira ya baridi. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma, na meli waliyopanda imebeba ngano. Msimu salama wa kusafiri umekwisha. Yeye amewaonya, hawakumsikia. Upepo mkali unaikamata meli karibu na kisiwa cha Krete na kuisukuma siku kumi na nne. Mchana jua halionekani, usiku nyota hazionekani, na hivyo ndivyo vilivyowaonyesha njia mabaharia wa zama zile. Luka, anayesimulia kama mtu aliyekuwamo, anatupa hata idadi: watu 276. Mwishowe meli inakwama na kuvunjika. Wanaojua kuogelea wanaogelea, wengine wanashikilia mbao, na wote wanafika pwani wakiwa hai, katika kisiwa kinachoitwa Malta. Wamelowa chapachapa, mvua inanyesha na baridi inauma.

Wenyeji wanawasha moto. Luka anaeleza kwamba walifanya hivyo kwa sababu ya mvua na baridi, na kwamba waliwakaribisha wote.

Sisi wahubiri tuna haraka ya kumfikia nyoka, ambaye anatokea muda mfupi baadaye. Naomba safari hii tukae kwanza kwenye moto.

Watu 276 ni kijiji kizima. Katika kundi lile walikuwamo askari wa Roma, mabaharia, abiria, na wafungwa waliokuwa wakipelekwa kuhukumiwa. Wenyeji hawakuwatenga kwanza, huyu raia, huyu mhalifu, huyu wa dini gani. Waliona watu wanatetemeka. Na kuwasha moto kwenye mvua si kazi ya kubahatisha, mama yeyote wa Mishamo au wa Inyonga atakuambia. Kuni mbichi hutoa moshi na machozi tu. Anayewasha moto wakati wa mvua ni yule aliyepanga kuni zake kavu chini ya paa wakati jua likiwaka, akafukia kaa la moto kwenye jivu tangu jana. Kwa hiyo ukarimu wa watu wa Malta ulikuwa umeanza kabla meli haijaonekana. Halafu tazameni jambo lingine dogo: Paulo, mtume mkubwa, mfungwa aliyetoka kumezwa na bahari, hakukaa chini kusubiri kuhudumiwa. Alikwenda kuokota kuni. Alikuwa akiutia motoni mzigo wa kuni nyoka alipomuuma.

Mimi napenda sana picha hiyo ya mtume na mzigo wa kuni. Imenifundisha kwamba katika dhoruba hakuna mgeni wa heshima. Baba mwenye nyumba anayeketi gizani akipiga kelele aletewe taa, ilhali mama anakinga maji yanayovuja, mtoto analia na mboga iko jikoni, huyo bado hajafika Malta.

Ndugu zangu, tukumbuke pia tulikotoka. Mji huu ulikaa miaka mingi mbali na Gridi ya Taifa. Umeme wetu ulikuwa wa jenereta za dizeli, na kila tone la mafuta yale lilisafirishwa kutoka mbali. Ili kutuunganisha na sehemu nyingine za nchi ilibidi ijengwe laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga, kilomita zipatazo 383, sehemu kubwa ndani ya misitu ya miombo. Laini ndefu namna hiyo ni neema kubwa, na nawashukuru mafundi wanaopanda nguzo katika mvua wakati sisi tumejifunika blanketi. Lakini inatudai tuelewe kwamba mti ulioangukia nyaya mbali na hapa, mahali ambapo hakuna hata mtu aliyeuona ukianguka, unaweza kuzima taa ya jikoni kwako. Giza la Mpanda si lazima lianzie Mpanda.

Na mkoa wetu wa Katavi unakua kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu 564,604. Ile ya 2022 ilitukuta 1,152,958. Tumeongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya miaka kumi: wakulima wa mpunga na mahindi, wafugaji waliokuja na ng'ombe wao, wachimbaji wa dhahabu, familia zilizokuja kama wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972 na sasa ni Watanzania wenzetu. Wengi wa watu hawa, huko vijijini, umeme ukikatika mjini hawajui kama umekatika. Wamelala na kupika na kujifungua bila huo umeme maisha yao yote. Sisi wa mjini tunapohangaika kutafuta mshumaa, wao ndio walimu wetu, na ingefaa tuwaulize kwa heshima: unatunzaje moto, unahifadhije maziwa, unapita wapi usiku njia ikijaa maji.

Simaanishi kwamba giza ni baraka. Nimesikia mahubiri ya namna hiyo, kwamba umeme ukikatika Mungu ameturudisha kwenye maisha ya wazee wetu, tufurahi. Sikubaliani nayo hata kidogo. Mwanamke anayejifungulia kwenye mwanga wa simu inayokaribia kuzima hafurahii maisha ya wazee wetu. Mtoto wa pumu anayehitaji mashine ya mvuke hafurahii. Chanjo za watoto wetu zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na zikipata joto muda mrefu, nguvu yake inapotea ingawa chupa inaonekana vilevile. Ndugu zetu wa Unguja walilionja jambo hili kwa ukali. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa bila umeme kuanzia Mei hadi katikati ya Juni. Kisha Desemba 2009 umeme ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Kilichowaumiza kuliko giza ni maji, kwa sababu pampu zilisimama na watu wakarudi kutafuta visima na kununua maji kwa ndoo. Funzo lake kwetu ni jepesi na halihitaji fedha: wingu likikusanyika, jaza madumu kwanza, ndipo uanze kutafuta mshumaa.

Ni miezi mitatu hiyohiyo ambayo Paulo na wenzake walikaa Malta, wakisubiri majira ya baridi yapite ndipo wapate meli. Moto ule wa siku ya kwanza haukuwa wa picha. Uligeuka kuwa miezi ya kulisha wageni.

Sasa nizungumzie mahali pa kuuwashia moto, na hapa nawasihi mnisikilize, hasa mama zangu na vijana mliopanga chumba kimoja. Moto wa Malta uliwashwa mahali pa wazi. Mvua ikinyesha, sisi tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunafunga dirisha ili maji yasiingie, tunaziba uwazi wa mlango kwa nguo kuukuu, na mboga ikiiva tunaliacha jiko palepale litupe joto usiku. Kaa likiwa jekundu na halitoi moshi tunadhani limekuwa salama. Ndipo hasa lilipo hatari. Linatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo damu yetu huishika kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko inavyoishika oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na uchovu, unasema ni kazi za leo, unalala. Huamki. Katika mikoa yetu ya baridi wako waliolala hivyo familia nzima.

Na si sisi tu. Februari 2021 dhoruba ya barafu iliikumba Texas, Marekani, jimbo lenye mafuta na utajiri wa kila namna. Zaidi ya nyumba milioni nne zilikosa umeme katika baridi kali hata mabomba yakaganda na kupasuka. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Miongoni mwa waliokufa katika jiji la Houston walikuwamo mama mmoja kutoka Ethiopia na bintiye mdogo. Familia yao iliingia ndani ya gari lililokuwa kwenye banda lake na kuliwasha ili wapate joto. Walikuwa watu wa Afrika Mashariki kama sisi, waliokwenda kutafuta maisha, wakauawa na hewa ileile inayotoka kwenye jiko letu la mkaa. Kila ninaposoma habari ya moto wa Malta nawakumbuka, na nawaombea. Mngekuwa nao jirani, mngewagongea mlango?

Kwa hiyo jiko lipikie kibarazani au penye dirisha lililo wazi kweli, na litoke nje kabla hamjalala. Jenereta isiwashwe ndani wala ukumbini, hata kwa nusu saa ya mpira. Kibatari na mshumaa vikae mbali na neti, na wala msiondoe neti kwa kuogopa moto, maana mbu wa masika hawasubiri umeme urudi. Waya ulioanguka barabarani msiusogelee hata kama mtaa wote uko gizani, kwa sababu unaweza kuwa bado hai, na maji yaliyotuama huubeba umeme hadi miguuni pako.

Nimechelewa sana kwenye moto, nami sitaki kuomba radhi. Twende kwa nyoka.

Joto la moto linamtoa nyoka kwenye kuni, anauzinga mkono wa Paulo. Wenyeji wanamwona akining'inia. Mara moja wanaambizana: mtu huyu lazima ni muuaji, ameponea baharini lakini haki haimwachi aishi. Msisahau hawa ni akina nani. Ni walewale waliowasha moto. Mikono yao bado inanuka moshi wa ukarimu, na midomo yao imekwisha kutoa hukumu. Wanakaa wakimtazama, wakisubiri avimbe au aanguke afe. Muda unapita, hakuna kinachotokea, nao wanageuza maneno: basi huyu ni mungu. Kwanza muuaji, halafu mungu, na kote kuwili walikosea. Alikuwa mtu tu, mchovu, aliyekuwa ameokota kuni.

Ndugu zangu wa Katavi, habari hii tunaijua. Kwetu huku, na kwa ndugu zetu wa Rukwa ambao tulikuwa nao mkoa mmoja mpaka mwaka 2012, radi ina kesi nyingi. Ikiua ng'ombe, ikiunguza nyumba, ikimpiga mtu shambani, majivu hayajapoa watu wameanza kuulizana: aligombana na nani? Nani alikuwa anamdai? Nani alipita hapa jana jioni? Na kidole cha uchawi hakielekezwi kwa mwenye nguvu. Kinamwelekea bibi mjane anayeishi peke yake pembezoni mwa kijiji, mzee asiye na watoto wa kumtetea, mwenye macho mekundu. Macho mekundu! Mama aliyepika kwa kuni miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa chakula alicholisha watoto wa walewale wanaomnyooshea kidole. Katika nchi hii, na hasa katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho hayo. Naandika hili kwa uchungu. Kuna waliokwenda kuua wakiwa wamebatizwa.

Radi haihitaji mtu wa kuituma. Ndani ya wingu kubwa la mvua, chembe za barafu na matone ya maji hupanda na kushuka zikiparazana, chaji za umeme zinatengana, hizi juu hizi chini, mpaka hewa inashindwa kuzizuia. Mwako unapopita, hewa huchemka kufikia nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya joto la uso wa jua, inatanuka kwa ghafla, na huko kutanuka ndiko tunakokusikia kama ngurumo. Tunaishi katika ukanda wenye radi nyingi. Mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani kote, kwa sababu ya joto, unyevu na milima. Mbingu za huko na za kwetu ni jirani.

Januari 2025 radi ilipiga Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe mkoani Geita, na wanafunzi saba wakafa. Watoto waliokwenda shule kama siku zote. Nani atasimama mbele ya wazazi wale aseme kuna jirani aliyewachagua saba hao? Bwana wetu mwenyewe aliuliza swali la namna hiyo, juu ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa waziwazi kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Hakutafuta mchawi, wala hakuwahukumu marehemu. Aliwageukia waliokuwa hai akawaambia watubu wao.

Kinachotupasa wakati wa radi ni mambo ya mtu mwenye akili na upendo. Ukihesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Zikipungua, dhoruba inakujia. Toka shambani na mtoni mapema, usijikinge chini ya mti, waite watoto wa jirani waliokuwa wanacheza uwanjani waingie kwako. Kaa mbali na nyaya na vitu vilivyochomekwa ukutani. Ngurumo ya mwisho ikipita, subiri nusu saa ndipo utoke. Mvua ikikatika, wa kwanza kumtembelea awe yule bibi wa pembezoni. Mgongee mlango kabla mtu mwingine hajagonga kwa nia nyingine.

Someni mbele kidogo muone kilichotokea Malta. Mkuu wa kisiwa, Publio, alikuwa na baba mgonjwa kitandani, homa na kuhara damu. Paulo akaingia, akasali, akamwekea mikono, akapona. Ndipo wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja nao wakaponywa. Yaani mtu waliyemwita muuaji ndiye aliyekuwa amebeba uponyaji wa wazee wao. Kama wangemrudisha baharini siku ile ya nyoka, baba yake Publio angekufa, na wangesema pia kuna aliyemloga.

Na Malta hiyohiyo ilituletea sisi wa Katavi mganga. Wale wenye asili ya Karema mmekwisha kujua ninamtaja nani. Adriano Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, upande mwingine kabisa wa Afrika. Akiwa mtoto alitekwa akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara, mpaka Wamisionari wa Afrika walipomkomboa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari hao, alikuwa ameanzisha huko Malta mpango wa kuwasomesha vijana Waafrika utabibu, ili warudi kuwa matabibu na makatekista kwa watu wao. Atiman alisoma huko. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, akaoa huku, akamzaa mwana aliyekuja kuwa padre, na hakuondoka mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ya kutibu watu wa ziwa hili. Hesabuni masika 67 ya Karema bila nyaya wala sola. Homa za watoto hazikusubiri kuche. Mtu huyu alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba duniani kila jirani ni adui, maana aliibwa na watu. Alichagua kuwa wa kugongewa mlango usiku.

Sijui kama tumemtafakari vya kutosha katika parokia zetu. Watoto wa Mpanda wanaweza kutaja wachezaji wa Ulaya kumi na mmoja na benchi lao, lakini jina la Atiman hawalijui. Umeme ukikatika wasimulieni, badala ya kuwafukuza wakalale saa moja. Baada ya Atiman tegeni vitendawili, mzee wa nyumba aeleze alivyokuja Mpanda, alikuja kwa treni ya Kaliua au alikuja na ng'ombe kwa miguu. Mume na mke ambao wiki nzima wamezungumza kupitia televisheni watalazimika kuzungumza wenyewe. Kuna nyumba ambamo jambo hilo ni gumu kuliko giza. Mnaojijua, msikimbilie kulaumiana nani kamaliza chaji. Na rozari haihitaji umeme, ingawa naomba isaliwe baada ya jirani kuulizwa hali yake, isiwe badala ya kumuuliza.

Kuhusu wanaotumia insulini, kwa kuwa nimeulizwa: kichupa kinachotumika kwa kawaida huweza kukaa nje ya friji wiki nne hivi kikiwa mahali pa baridi pasipo jua. Chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga au kitambaa chenye maji, kivulini penye upepo, husaidia sana. Kisiguse barafu. Muulizeni muuguzi wa zahanati juu ya aina mnayotumia, kabla dhoruba haijaja.

Wiki hii, jumuiya zinapokutana, naomba kabla ya kusoma Injili ifanyike kazi moja kwa karatasi na kalamu. Kila jumuiya iandike nyumba zake: wapi kuna mzee anayelala peke yake, wapi kuna mjamzito aliyekaribia na nani ataondoka naye usiku kama simu hazipatikani, wapi kuna mtoto wa pumu, wapi paa limeezuliwa na bado halijapigwa misumari. Kisha ziandikwe nyumba zenye kitu cha kutoa: mwenye sola aseme anaweza kuchaji simu ngapi, mwenye bodaboda aseme njia ipi anaipita mvua ikinyesha, mwenye kisima aseme, mwenye kuni kavu aseme. Vijana wa kwaya wachukue nyumba za wazee, wawili wawili, kila umeme ukikatika zaidi ya saa mbili.

Karatasi hizo viongozi wa jumuiya waniletee Jumapili baada ya Misa ya kwanza. Majirani zetu Waislamu, Wamoravian, Wapentekoste na wasiosali popote waandikwe katika orodha hiyohiyo, kwa mpangilio wa nyumba zilivyo mtaani.